Aliyemimina Petroli Ni Mimi, Si Dada Yangu

Nimekosa. Nalisema hilo kwanza, kabla sijaanza kujieleza, maana najijua: nikianza kujieleza nitatafuta kona ya kujificha. Aliyemimina petroli kwenye lile gari ni mimi. Aliyepiga stata huku kidumu kikiwa wazi juu ya injini ni mimi. Dada yangu hakufanya kosa lolote siku ile, na mama yetu ameingia kaburini akiamini kwamba yeye ndiye.

Jina langu sitaliandika. La dada nimelibadilisha, hapa nitamwita Nashipai. Wanaotufahamu huku Ngaramtoni watajua tu ni nani anayesemwa, na wajue! Nimechoka kusalimiwa kama mtu mwema.

Mimi ni dereva wa watalii. Naishi Olasiti na mke wangu na watoto, lakini nyumbani kwetu ni juu ya Ngaramtoni, kwenye migomba na kahawa, ukipanda kuelekea msituni. Huko alibaki Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama sisi Waarusha, pamoja na Nashipai, ambaye ndoa ilimshinda akarudi nyumbani. Nashipai alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Na si fundi wa kubahatisha! Sare za kwaya za usharika mzima alishona yeye. Watu walikuwa tayari kusubiri foleni yake wakati mafundi wengine wamekaa mikono mitupu.

Marehemu baba alikuwa na gari, Pijo 404. Ilikuwa nyeupe, baadaye ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Alibebea kahawa, alibebea wagonjwa, alibebea maharusi wa kijiji kizima. Na kila mwaka kahawa ikishauzwa, alimpakia Yeyo kiti cha mbele wakaenda Oldonyo Sambu kumsalimia dada yake Yeyo, yule tunayemwita yeyo mkubwa. Safari hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu ya mama yangu. Hakuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

Baba alipofariki, tuliliingiza gari bandani tukalifunika turubai. Hatukumwaga mafuta, hatukufanya lolote. Miaka ikapita. Kuku wakawa wanataga kiti cha nyuma, panya wakahamia kwenye filta.

Nikwambie kitu ambacho ningependa kukiruka. Mimi nilipokuwa mdogo nilipenda usukani. Nashipai ndiye aliyekuwa anasimama na baba boneti likiwa wazi, anauliza hiki ni cha nini, na hiki kikiziba inakuwaje. Baba alikuwa anamjibu. Mimi nilikuwa nawaona wapumbavu, kukaa juani wakati gari lipo la kuendesha.

Basi. Mvua zikaanza, wageni wakapungua, nikawa nyumbani mara nyingi. Miguu ya Yeyo ilikuwa imeanza kumgomea na presha yake ilikuwa inapanda na kushuka. Siku moja nimekwenda kumsalimia, tunakunywa chai, akaniambia:

"Mwanangu, dada yangu kule Oldonyo Sambu naye hatembei tena. Nataka nikamwone kabla mmoja wetu hajatangulia. Na nataka kwenda na gari ya baba yenu."

Nikamwambia, "Yeyo, nitaomba gari kazini. Zile zina viti laini, hutasikia hata shimo."

"Kwani nimekuomba viti?"

Nashipai alikuwa anapepeta mchele pale mlangoni. Akacheka. Akasema, "Kaka, tulifufue. Jumamosi sifungui kibanda, tushinde nalo."

Jumamosi ikafika, nikaja na betri mpya na petroli. Tulitoa turubai, tukafukuza kuku, tukabadilisha plagi. Kabla hatujaanza Yeyo alitoka na fimbo yake akatuambia neno moja: "Hapo ni karibu na nyumba. Msichezee petroli."

"Yeyo, mimi ni dereva," nikamjibu. Hivyo tu, kwa majivuno.

Nilipiga stata mpaka betri ikaanza kulalamika, ndipo injini ikashika. Aisee, ungesikia! Lilikuwa linakohoa kama mtu mwenye kifua kibovu. Linamisi, linaruka mapigo, linatetemeka mpaka vioo vinagonga. Ukivuta choki, kile kishikio cha kuongeza petroli, linaishi, ukirudisha choki linakufa. Ukikanyaga mafuta ndiyo kabisa, linalipua juu kwenye kabureta, paa! halafu kimya.

Nashipai aliinama akanusa tenki. "Kaka, haya mafuta yameoza. Njoo unuse, kama vanishi ya makabati. Tumwage yote, tufungue kabureta, tusafishe jeti. Likilipua hivi juu ni kwamba mafuta hayafiki, linavuta hewa tupu."

"Tukianza kufungua kabureta leo hatumalizi. Likichemka litajisafisha lenyewe."

"Halitajisafisha. Baba alikuwa anasema..."

"Nashi, nimeendesha magari nusu ya maisha yangu."

"Umeendesha ya dizeli, kaka. Hii ina kabureta."

Yeyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, akasikia, akacheka. Kicheko cha mama tu, cha kawaida, kumfurahia binti yake. Lakini mimi kiliniingia kama mwiba. Mbele ya mama yangu, fundi cherehani ananifundisha gari! Hapo ndipo akili ilinitoka. Namshukuru Mungu Yeyo aliingia ndani baada ya hapo kujinyoosha, na pia kila nikikumbuka namlaumu Mungu kwa hilo hilo, maana angebaki barazani angeona kwa macho yake.

Nilichukua kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa juu, nikakijaza petroli mpya. Nikatoa mfuniko wa filta. Nikamimina petroli moja kwa moja kwenye koo la kabureta. Gari likanguruma kidogo likazima. Nikarudia. Likanguruma tena, likalipua, likazima.

Nashipai akasema, "Kaka, acha. Likilipua hivi na petroli iko wazi litatuchoma."

"Mara ya mwisho."

Nikamimina nyingi. Nyingine ikamwagikia juu ya injini, kwenye vyuma vya moto. Nikakiweka kidumu pale pale juu ya injini, kikiwa wazi, kikiwa na petroli. Nikaenda kukaa kwenye usukani.

Nilimsikia. Sitadanganya kwamba sikumsikia. Alipiga kelele, "Subiri! Subiri nitoe kidumu!" Nikamwona kupitia ule upenyo wa chini ya boneti, mkono wake wa kulia unakwenda kukishika.

Nikazungusha ufunguo.

Ulilipuka mlio mmoja, na moto ukapanda wima ukapita boneti. Mungu wangu! Dada yangu alikuwa ameshakishika kile kidumu na kilikuwa kinawaka. Mtu mwingine angekiachia pale pale. Yeye hakukiachia. Kingeangukia chini ya gari, bandani kumejaa majani makavu na magunia, na ukuta wa banda ndio ukuta wa chumba alicholala Yeyo. Alikimbia nacho mkononi, kinawaka, akakirushia kwenye migomba. Ndipo akaanza kulia.

Mimi nilitupia turubai juu ya injini na moto ukafa. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya siku ile.

Majirani wakaja na maji. Walimkalisha Nashipai chini wakawa wanammiminia mkononi, na yeye anapiga kelele, sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu. Baba Lightness, jirani yetu, akakimbilia pikapu yake ili tumpeleke hospitali. Katikati ya vurugu hiyo Yeyo akatoka, fimbo inamtoka mkononi. Akatazama gari, akatazama binti yake, akanitazama mimi.

"Nani amemwaga petroli?"

Sikupanga. Naapa sikupanga. Neno lilitoka kabla sijalifikiria.

"Ni Nashi, Yeyo. Alimimina wakati nawasha."

Majirani wakatikisa vichwa. Nashipai hakusikia, alikuwa analia. Na mimi nikamshika begani kwa upole, tukampandisha kwenye pikapu, kama kaka mwema.

Alilazwa muda mrefu. Ngozi ya kiganja na vidole iliungua vibaya, na ilipopona ikajivuta. Vidole vya mkono wa kulia vikabaki vimekunjwa, kama mtu anayeshika kikombe kisichoonekana. Fundi cherehani! Mkono ule ndio uliokuwa unasukuma kitambaa na kukata shingo za magauni bila hata kuchora. Wateja walimsubiri kwanza, halafu wakaacha kusubiri. Siku hizi kwenye kile kibanda anauza nyuzi, vifungo na zipu, na anawaelekeza wengine kwa mdomo namna ya kushona.

Alipotoka hospitali alikuta maneno yameshakaa nyumbani kabla yake. Nilikwenda kumwona, akaniita nyuma ya nyumba.

"Umemwambia Yeyo kwamba ni mimi?"

Nikaanza kubabaika. Nikasema nilichanganyikiwa. Nikasema nitamwambia ukweli, anipe muda tu, presha ya Yeyo haiko sawa, akisikia ghafla inaweza kumletea shida.

Aliutazama mkono wake. Kisha akasema, "Sawa. Lakini utasema wewe. Mimi nikisema nitaonekana najitetea."

Nikamwambia, "Nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtu mbaya kuliko hata uongo wenyewe. Kusema uongo kwa hofu, labda Mungu anaelewa. Lakini kila wiki nilipanda kule juu, nikamwamkia Yeyo shikamoo, akaitika marahaba, nikanywa chai yake, nikashuka bila kusema. Leo kuna wageni. Leo amechoka. Leo amefurahi, kwa nini nimharibie? Visababu havikuniishia.

Na kila wiki niliona nilichokifanya. Yeyo alikuwa hamruhusu tena Nashipai kuwasha jiko. Alikuwa anamwita binti wa Baba Lightness aje awashe gesi, wakati binti yake mwenyewe amesimama pale. "Wewe na moto hamuelewani," alikuwa anamwambia, tena kwa upole kabisa, kama anamwambia mgonjwa. Nashipai anaitikia, "Sawa, Yeyo." Na mimi nimekaa hapo hapo, nashika kikombe.

Msimu wa wageni ulipita, mwaka ukageuka. Siku moja nafika nasikia vyuma vinagongana bandani. Naingia, namkuta Nashipai amevaa kanga juu ya sweta, amefungua kabureta yote ameipanga juu ya gunia safi. Mkono wa kushoto una bisibisi. Ule wa kulia anautumia kama kibanio.

"Nishikie hii," akasema. Hakusema salamu wala nini.

Nikashika. Tukafanya kazi siku ile, na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Alikuwa ameshamwaga tenki, na yale mafuta ya zamani yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Bakuli la chini la kabureta lilikuwa na utomvu umeganda kama asali. Alitoa jeti, kile kishaba kidogo chenye tundu, akainyanyua kwenye mwanga akanionyesha: hakuna mwanga unaopita. Akaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa umeme, kisha tukaipeleka kwa fundi baiskeli tukaipuliza kwa pampu. Akasugua platini, vile vyuma vya kutoa cheche, kwa msasa. Tukabadilisha mipira yote ya petroli.

Tulipowasha lilishika vizuri, ila sailensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, ilikuwa haikai, linapanda linashuka. Nikasema labda ni plagi. Yeye akainama, akasikiliza, akasema, "Linanyonya hewa mahali." Tukafungua tena. Gasketi ya chini ya kabureta ilikuwa imekauka na kupasuka kama jani la mgomba. Akaagiza karatasi ya gasketi mjini. Ilipofika akachukua mkasi wake wa kushonea, akaniambia nishike karatasi vizuri, akakata kwa mkono wa kushoto. Pole pole. Ulimi umetoka kidogo nje ya mdomo, kama alivyokuwa anafanya akikata kola. Nilitazama pembeni.

Tukafunga. Yeye akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Jamani! Lilitulia. Lilitulia kabisa, mlio mmoja laini. Akarudisha choki, halikufa. Akakanyaga mafuta, likapanda bila kukohoa. Tulitazamana tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu moto ule, na nikasema moyoni, sasa hivi, Yeyo akitoka tu, nasema.

Yeyo alitoka. Alikuwa ameusikia mlio. Alikuja taratibu na fimbo, mkono mmoja mdomoni, machozi yanamtoka. Akaligusa boneti. Akazunguka mpaka mlangoni kwa dereva, akaona aliyekaa ndani.

Uso ukabadilika. "Nashipai, shuka."

"Yeyo, liko salama. Tumelisafisha lote."

"Shuka, mwanangu. Ile mara moja imenitosha. Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta huo, unakumbuka? Kaka yako atanipeleka. Wewe ubaki."

Alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Nashipai hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananisubiri.

Ilikuwa sentensi moja tu, ndugu yangu! "Yeyo, ni mimi." Maneno matatu. Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Haya Yeyo, twende. Nitaendesha mimi."

Nashipai akashuka. Akamsaidia Yeyo kuzunguka, akamfungulia mlango wa mbele, akampandisha, akamfunika miguu kwa shuka. Kisha akarudi nyuma akasimama karibu na migomba.

Tulikwenda Oldonyo Sambu. Gari lilipanda ile barabara ya Nairobi bila kosa. Yeyo alikuwa kama msichana, anaonyesha kila kitu kwa kidole: hapa baba yako alipata pancha, hapa tulinunua maziwa. Akanishika bega. "Umelifufua gari la baba yako."

Nikajibu, "Tumejitahidi, Yeyo."

Tumejitahidi! Nililisema hilo neno nikajiona nimesema nusu ya ukweli.

Yeyo mkubwa alikuwa anatusubiri nje ya boma, amekaa kwenye kigoda, macho yake hayaoni vizuri. Wale akina mama wawili walishikana wakalia, kisha wakacheka. Tulichinjiwa mbuzi. Na nikiwa nimeshika nyama, Yeyo akamwambia dada yake, "Huyu ndiye aliyelitengeneza. Yule mwenzake alitaka kutuchoma." Yeyo mkubwa akaniita karibu, akaniinamisha kichwa, akanibariki kwa mate kwenye paji la uso kama wafanyavyo wazee wetu. Mate yale yalikauka usoni mwangu nikiwa natafuna.

Tuliporudi Nashipai alikuwa amesimama pale pale uani. Tulipomaliza kumwingiza Yeyo ndani akaniuliza, "Halikumisi mlimani?"

"Hata mara moja."

"Yeyo amefurahi?"

"Sana."

"Umemwambia?"

Nikainama kukagua tairi. Akasema, "Haya, kaka," akaingia ndani. Hakuniuliza tena, mpaka leo.

Baada ya hapo Yeyo alianza kushuka. Alifika mahali haamki kitandani. Nashipai ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha uji kwa mkono wa kushoto. Lakini jiko la kupikia uji huo alikuwa bado anakuja kuliwasha binti wa jirani. Fikiria. Mama yangu alinyweshwa uji na binti yake ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamwogopa.

Nilikuwa Serengeti na wageni taarifa iliponifikia. Kule ndani hakuna mtandao, nilipata ujumbe tulipofika langoni. Yeyo alikuwa ameshaondoka tangu asubuhi. Niliegesha gari pembeni. Wageni walidhani limeharibika, mmoja akashuka akaniuliza kama ni injini. Nikamwambia ndiyo, ni injini, naomba dakika kidogo. Hata hapo nilidanganya.

Kwenye maziko walisoma wasifu wa marehemu, wakasema alitimiziwa haja yake ya mwisho na mwanawe wa kiume aliyelifufua gari la baba yake. Watu walinigeukia. Nashipai alikuwa mstari wa wafiwa, mkono wa kulia ameufunika na kanga. Alikuwa anatazama chini.

Tulipokaa ukoo baada ya maziko, kabla watu hawajatawanyika, nikasimama. Nikasema yote, kama nilivyoyasema hapa: kidumu, ufunguo, "Ni Nashi, Yeyo," na safari ya Oldonyo Sambu. Mke wangu, ambaye naye nilimdanganya, alishika mdomo. Baba Lightness akasema, "Aisee," basi.

Yeyo mkubwa alikuwa ameletwa, amekaa kwenye kochi. Akageuza uso kufuata sauti yangu.

"Na mimi nikakubariki?"

"Ndiyo, yeyo mkubwa."

"Siku ile ile? Ukiwa unajua ni wewe?"

"Ndiyo."

Aliomba ashikwe mkono atolewe nje. Hajazungumza nami tangu hapo. Nilikwenda Oldonyo Sambu mara kadhaa, nikaambiwa amelala.

Nilimfuata Nashipai jikoni. Alikuwa amelowesha masufuria, anasugua kwa mkono mmoja. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu yenye maji, mtu mzima mimi, nikamwambia nimesema, wote wamejua sasa, jina lako limesafishwa, nisamehe.

Hakuacha kusugua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, wala hakulia:

"Kaka, sikuwa na shida wajue hao. Nilitaka ajue Yeyo."

Hayo ndiyo yaliyonipata. Dada yangu ananipokea nikienda, ananikaribisha chai, anawauliza watoto hali zao. Hajaninyima kitu. Ila akimaliza kunipa kikombe anatoka, na mimi nakunywa peke yangu kwenye ile sebule.

Sasa nisikilize wewe unayesoma. Kama una gari la zamani limelala, usilimiminie petroli kwenye kabureta ukawasha kwa haraka. Mwaga mafuta yaliyooza, safisha, subiri, na ukiambiwa "subiri" na mwenzako, ondoa mkono kwenye ufunguo. Mkono wa mtu ukishaungua haurudi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Kama kuna mtu uliyemwambia uongo juu ya mwenzako, mama, baba, mume, bosi, yeyote, na mtu huyo bado yupo hai, usisome mstari mwingine. Weka simu chini uende. Usimwonee huruma kwamba ukweli utamuumiza, mimi nilijidanganya hivyo hivyo, kumbe niliyekuwa namwonea huruma ni mimi mwenyewe. Mwambie wakati bado anaweza kugeuka akamtazama uliyemsingizia, akamwita kwa jina, akamwomba msamaha. Ukichelewa utawaambia ukoo mzima, utaandika hata gazetini kama mimi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwita dada yangu kwa sauti ya Yeyo akamwambia, "Njoo mwanangu, niwashie jiko."